Mama Aligonga Mara Mbili

Baba, shikamoo.

Haya, leo itanibidi nijiitikie mwenyewe. Marahaba mwanangu, hujambo? Sijambo, Baba, ila nina maneno kifuani, na nisipoyatoa yatanipasua. Mama yuko chumbani mwake, eda haijamwisha, ameegemea ukuta anavuta tasbihi. Mimi niko jikoni, nimekalia kile kigoda chako kibovu ulichoahidi kukitia mguu tangu mwaka juzi. Mpaka leo hakijatiwa. Nakwambia tu ujue.

Nataka nikupe habari ya kambi. Ungekuwa hai ungeniuliza hata kabla ya kuvua viatu. Si wewe uliyeitangazia Shela yote hapa Malindi? Bakari fundi friji, mtu ambaye akiulizwa bei ya gesi hujibu kwa mkato, ulikaa barazani ukamweleza kila mpita njia kwamba mwanao amechaguliwa kwenda kambi ya masomo likizo ya Agosti, na wanafunzi wenye vipawa kutoka pwani nzima, walale huko huko Kilifi kwenye shule ya bweni, wasomeshwe hesabu na sayansi na walimu wa chuo kikuu. "Na atakayemaliza," ukawaambia, "atalipiwa kidato cha nne, kisha ashikwe mkono mpaka chuo kikuu." Muuza kahawa alikuwa ameshayahifadhi maneno hayo. Mimi nilijificha nyuma ya pazia kwa haya, na wallahi, nilikuwa natabasamu mpaka mashavu yananiuma.

Kisha ukafa.

Asubuhi. Umeinama unafunga kamba za viatu, wataka kwenda Watamu, friza ya hoteli moja imezima na samaki wataoza. "Rukia, niletee bisibisi ile ndogo." Nikaenda kuileta. Niliporudi ulikuwa umelala ubavu, kiatu kimoja kimefungwa na kimoja bado. Alasiri ukazikwa. Nilikichukia kile kiatu, Baba. Watu wamejaa ndani wanalia, na mimi nimekikazia macho kiatu.

Kambi ilikuwa ianze kabla ya arobaini yako kufika. Ami Salim hakutaka niende. Ndugu yako alisimama ukumbini akasema mtoto wa marehemu haondoki nyumbani matanga hayajapoa. Mama akamjibu kutoka nyuma ya pazia, kwa sauti ile yake ya chini: "Babake alimpa ruhusa kwa ulimi wake. Mimi ni nani niirudishe?" Ami akanyamaza. Lakini wamjua Ami akinyamaza. Ni sufuria iliyofunikwa, moto bado uko chini.

Nikaenda. Tuliposhuka tu tulisomewa sheria, na ya kwanza ilikuwa hii: hakuna kutoka mpaka siku ya kufunga. Atakayetoka ametoka, nafasi yake imekufa. Simu zetu zikakusanywa kwenye kikapu. Mkuu wa kambi ni Mwalimu Mutiso, mtu wa Machakos, mwembamba, shati limenyooka kama karatasi, hacheki ovyo. Nikapangwa chumba kimoja na msichana wa Vitengeni, Kadzo, bingwa wa fizikia na bingwa wa maneno. Hanyamazi yule hata akisugua meno.

Nilipomwambia kwamba umekufa asubuhi ukazikwa alasiri, akanitolea macho. Kwao msiba ni siku na siku, watu wanalala uwanjani, wanakula, wanaimba, wanagombana, mpaka marehemu mwenyewe achoke. "Ninyi mwamharakisha hivyo kwani ana basi la kuwahi?" Nilitaka kukasirika, Baba. Badala yake nikacheka. Kile kicheko chako, kinachoanza na kikohozi kama pikipiki iliyokataa kuwaka. Nikacheka mpaka nikalia, na Kadzo akashikwa na hofu akaanza kuniomba radhi kwa Kigiriama na kwa Kiswahili kwa pamoja.

Lakini darasani hali haikuwa nzuri. Hesabu hazikuingia. Mimi, uliyekuwa ukiniita Profesa mbele ya watu na kunitia aibu, nilikaa mbele ya karatasi nikaona namba zote zimekuwa wageni. Katika jaribio la kwanza nilikuwa karibu na mkia. Mwalimu Mutiso aliniita pembeni, "Rukia, uko hapa au uko nyumbani?" Nikasema niko hapa. Sikuwa hapo. Kila mlango ukigongwa moyo unaruka, nadhani ni habari nyingine ya kifo, nadhani sasa ni Mama. Nilikuwa nikila haraka, nikilala na viatu kando ya kitanda, tayari kukimbia sijui kwenda wapi.

Siku iliyonifungua ni siku ya Dabaso, kule kwenye msitu wa mikoko. Walitupakia kwenye basi la shule twende tukapime mikoko. Kila kundi lilipewa kipande chake, tupime unene wa miti, tukadirie msitu mzima. Kundi langu lilikuwa Kadzo, mimi, na wavulana wawili wa Mombasa wanaoogopa kaa. Nilijifunga buibui kiunoni, nikakunja suruali, nikaingia matopeni mpaka magotini, na mimi ndiye niliyekuwa nikipiga kelele, "Wewe, shika kamba vizuri! Andika! Usikanyage mizizi!" Baba, nilisahau. Kwa saa nzima nilisahau kwamba umekufa. Namba zikaanza kuja zenyewe, moja inaivuta nyingine. Nilipanda lile daraja la mbao lililopita juu ya mikoko nimejaa tope na nimejaa furaha.

Na pale darajani ni nani aliyekuwa akikaanga sambusa za kaa? Bi Zuhura. Yule uliyemtengenezea friza akakulipa kwa maneno matupu na dua. Akaweka mwiko chini. "We! Si mtoto wa Bakari friji wewe?" Akaniangalia juu mpaka chini, tope, suruali, wavulana. "Haya mwanangu. Babako hata arobaini bado." Basi. Hakusema zaidi kwangu. Yaliyobaki alimpigia simu Ami Salim akamwambia.

Siku ya pili yake Ami akaja.

Niliitwa ofisini katikati ya somo. Kabla sijafika mlangoni nikasikia sauti yake, na nusura niite Baba, kwa sababu sauti za ndugu wawili hufanana zikiwa nyuma ya ukuta. Nikaingia. Alikuwa amevaa kanzu na kofia, kanzu ina doa la mafuta mkononi, amekuja na pikapu ya kuazima ya muuza samaki. Nikambusu mkono. Hakunitazama. "Panga nguo zako," akasema. "Arobaini ya babako ni keshokutwa."

Mwalimu Mutiso akamweleza kwa upole kwamba nikitoka sirudi. Ami akasema anaelewa. Mwalimu akamweleza habari ya kulipiwa kidato cha nne. Ami akasema Mungu ndiye mlipaji. Mwalimu akasema pengine baada ya hitima ya arobaini nitataka kuendelea na shule yangu. Hapo Ami akavuta pumzi. "Mwalimu, mamake yuko eda. Ana mtu wa kumshika mkono? Rukia atakaa na mamake kwanza. Shule haikimbii."

Shule haikimbii! Kwetu nimewaona wangapi walioambiwa shule haikimbii? Nilijua kabisa, Baba, nikiingia kwenye ile pikapu, nimeingia jikoni na sitoki tena. Nikafungua mdomo, "Ami, Mama amesema nini?" Akajibu, "Mamako hana neno."

Mwalimu Mutiso akasema yeye hawezi kumtoa mwanafunzi wala kumzuia bila neno la mzazi mwenyewe, alisikie kwa sikio lake. Akachukua simu. Nikamwambia, "Mwalimu, nipe mimi niseme naye." Akakataa, akasema atakuwa amesikia maneno yangu, si ya Mama. Matroni wa bweni, ambaye angezungumza na Mama mara moja mambo yakaisha, alikuwa amempeleka mgonjwa hospitali. Na Ami anaangalia mlango, gari ni la watu. Basi simu ikapigwa, ikawekwa spika juu ya meza.

Hapa, Baba, kaa vizuri. Wewe ndiye utakayeielewa hii.

Wamjua Mama. Hata ulipokuwa hai, mwanamume mgeni akija na friji lake bovu akapiga hodi, "Fundi yupo?" Mama hatoi sauti. Anagonga ubao wa mlango kwa pete yake: mara mbili ni ndiyo, mara moja ni hapana. Watu wa mtaani wamezoea. Wateja wa bara walikuwa wakikimbia wakidhani nyumba ina majini, na wewe unacheka mpaka unakaa chini. Sasa yuko eda, na kwa jinsi anavyoikaa eda yake, unadhani atazungumza na mwanamume asiyemjua, ndani ya simu, huku hajui ni nani wengine wanaosikiliza?

Mwalimu akasema, "Mama Rukia, habari ya asubuhi. Mimi ni mwalimu wa kambi. Je, unataka mtoto abaki hapa, au unataka arudi nyumbani na ami yake?"

Kimya.

Ya Rabi, nikaliona kosa pale pale. Swali la hivi au vile! Mtu atagonga nini? Akigonga mara mbili, ndiyo ya wapi? Nilimwona Mama akilini, amekaa ukingoni mwa kitanda, simu mkononi, kidole cha pete kimeinuliwa, hajui akishushe wapi. Mwalimu akarudia vile vile, kwa sauti kubwa zaidi, kama kwamba Mama ni kiziwi. Kimya. Akamtazama Ami kwa huruma. "Nadhani mama anaona vigumu kusema wazi kwamba anataka arudi."

"Mwalimu!" Nilipiga kelele, nasema kweli, nilisahau adabu zote. "Muulize moja! Muulize moja tu! Muulize, unakubali abaki? Nakuomba!"

Akanitazama, akashusha pumzi, akainama kwenye simu. "Mama, unakubali Rukia abaki kambini?"

Ko. Ko.

Wazi kabisa. Pete juu ya mbao za kitanda. Nilitaka kuirukia ile simu niibusu. Na Mwalimu Mutiso, msomi wa watu, akaichukua simu akaitikisa, "Halo? Halo? Mtandao mbaya," akakata.

"Amekubali!" nikasema. "Amegonga mara mbili, mara mbili ni ndiyo!" Nikaeleza mlango, pete, wateja, majini, nikieleza yote kwa pumzi moja, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia kuwa mwongo. Mwalimu akanisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Akasema, "Rukia, ungekuwa mimi, ungeamini?" Kisha akamgeukia Ami. "Mzee, wewe ni mtu wa nyumba ile. Haya anayoyasema ni kweli?"

Baba, ofisini mle kulikuwa na watu watatu, na waliosikia walikuwa wawili. Mimi na Ami. Na neno langu lilikuwa halina uzito. Angesema "sijui mambo hayo," yamekwisha. Hata uongo usingekuwa mkubwa. Angesema tu "mtandao mbaya."

Ami akavua kofia akaishika mikononi. Jasho linamtoka kwenye paji la uso na feni inazunguka juu yake. Nilimwangalia, nikasema moyoni, ukisema uongo Ami, sitakusamehe mpaka kufa, na kufa nimeona ni karibu. Nje watoto walikuwa wakitoka darasani wanacheka, kengele ya chai imelia, na Ami bado anaizungusha ile kofia.

"Amegonga mara mbili," akasema.

"Maana yake?" akauliza Mwalimu.

"Nyumbani kwa ndugu yangu, mara mbili ni ndiyo." Akaiangalia ile simu. "Ameridhia."

Akaketi. Nilidhani amekasirika. Kumbe analia, Baba. Ami Salim, aliyekuosha kwa mikono yake bila kutoa chozi, analia mbele ya Mwalimu wa bara. Akasema, na hakuwa akisema nami wala na Mwalimu, "Nitakaaje arobaini ya Bakari, nyumba nzima hamna hata anayecheka kama yeye?"

Hasira yote niliyokuwa nayo ilikosa pa kwenda. Nilikuwa nimemwona mtu anayetaka mpishi na mshika mkono wa mjane. Huenda na hilo lilikuwamo, simtakasi. Lakini alikuwa amekuja kumchukua ndugu yake, na kitu kilichobaki cha ndugu yake ni mimi. Na sasa kwa kuwa mlango wa kubaki ulikuwa wazi, nikataka kwenda. Wallahi nilitaka. Nilipiga hatua nikamshika bega, "Ami, twende. Twende zetu." Akainua uso, macho mekundu, akanikaripia: "Rudi darasani! Mamako kasema. Rudi kabla sijabadilisha nia." Akavaa kofia yake upande, akaenda zake. Hata chai hakunywa.

Siku ya arobaini yako nilikuwa na mtihani asubuhi. Nilijua wakati ule jirani zetu wanakuna nazi uani, masufuria ya pilau yamepangwa, na msomaji wa hitima anasafisha koo. Nikaufanya mtihani nimekaza meno, swali baada ya swali, sikuruka hata moja. Mchana nikatandika mkeka nyuma ya bweni nikakusomea Yasini. Kadzo akaja, kitambaa kichwani amekifunga vibaya kama mgonjwa wa jino, akakaa kando yangu kimya. Kadzo! Kimya! Nilipomaliza akatoa mfukoni mahamri mawili ya asubuhi, yamekauka. "Kwenu leo wanakula," akasema. "Basi na wewe ule." Tukala. Nilisikia uchungu wa kutokuwapo nyumbani, Baba, sikufichi, na uchungu huo bado ninao. Sitaki kukuandikia kwamba ulikwisha.

Kambi nimeimaliza. Mtihani ule nimeufaulu, kazi yetu ya mikoko imesifiwa, na Mwalimu Mutiso amenipa mkono akasema mwaka ujao kidato cha nne nisihofu. Akaongeza, huku akiangalia viatu vyake, kwamba amejifunza kuuliza maswali. Nusura nicheke.

Aliyekuja kunichukua ni Ami, na pikapu ile ile. Njia nzima kutoka Kilifi hatukusemezana sana. Kuingia Malindi hakukata kona ya nyumbani. Alikwenda moja kwa moja mpaka mavani, kule ulikozikwa, akasimamisha gari kando ya ukuta. Kwetu sisi wanawake hatusindikizi maiti huko. Siku ile nililiona jeneza likitoka mlangoni tu, likainuliwa juu ya vichwa vya watu, likapotea kwenye kona, basi. Ami akanionyesha kwa mkono juu ya ukuta. "Lile lenye changarawe mpya, karibu na mwarobaini." Nikaliona. Dogo, Baba. Mtu mrefu wewe.

Nikatoa salamu. Nikaomba dua. Ami alikuwa amesimama nyuma yangu, akakohoa.

"Siku ile," akasema, "nilikutilia."

Sikuelewa. Nikageuka.

"Mchanga. Watu hutia viganja vitatu. Nilitia vyangu, kisha nikainama nikatia vitatu vingine. Watu wakanitazama, wakadhani nimechanganyikiwa. Vile vilikuwa vyako." Akajipangusa viganja kwenye kanzu kana kwamba udongo bado upo. "Sikukwambia kwa sababu nilikuona umekasirika."

Basi hapo, Baba, ndipo nilipokulilia. Si siku ya kiatu, si siku ya hitima. Hapo ukutani, mbele ya wapita njia, mpaka muuza madafu akashuka baiskeli kuuliza kuna nini.

Nakuaga sasa, Mama ananiita. Shule nitaimaliza, na Mama sitamwachia mtu mwingine amshike mkono, hayo mawili nitayafanya pamoja hata kama wataniambia hayaendi pamoja. Na Ami nitakuwa nikipita kwake kila Ijumaa nimtolee maneno ya upuuzi mpaka nicheke kile kicheko chako mbele yake. Hiyo ni ahadi yangu kwako, na wajua mimi nikishika jambo.

Mola akupanulie kaburi lako, Baba, uweze kunyoosha miguu. Kumbe siku ile unazikwa nilikuwepo.

Mwanao,
Rukia